Wyatt Si Mumewe

Mzee aliniuliza swali lake tukiwa bado nje, kabla hatujaufikia mlango. Alikuwa na barua ya kodi mfukoni, kaikunja mara nne, nami nimemsindikiza ili nimtafsirie. Ni mtu wa Uvira, Kongo, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa huku Portland, jimbo la Oregon, na ana tabia ya kusoma kila kibao anachopita, kwa sauti, silabi moja moja. Akasoma: Edith Green. Akavuta pumzi. Wendell Wyatt. Akanigeukia.

"Huyu Wyatt ni bwana yake?"

Nikamwambia hapana, mzee, hata chama hawakuwa kimoja.

"Sasa mbona wamewaweka nyumba moja?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mlinzi akatuita, tukavua mikanda, tukaweka simu na funguo kwenye sinia, na shughuli ya kodi ikatumeza. Lakini swali nilitoka nalo, na kadiri nilivyolichunguza ndivyo nilivyoona kwamba mzee, kwa kusoma tu kibao, alikuwa amegusa mahali ambapo sisi tunaolipita jengo lile kila wiki hatujawahi kugusa.

Jengo lenyewe liko Third Avenue, katikati ya mji, ghorofa 18, mali ya serikali ya shirikisho. Lilichorwa na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill na likakamilika katikati ya miaka ya 1970. Jina lake lote ni Edith Green–Wendell Wyatt Federal Building, na sijamsikia mtu akilitamka lote kwa mkupuo mmoja. Wasanifu na maofisa wanaolisimamia huliandika EGWW. Herufi nne, kama namba ya gari.

Green na Wyatt wote walikuwa wabunge wa Oregon katika Baraza la Wawakilishi. Green wa chama cha Democratic aliingia Januari 1955, akiwakilisha jimbo la uchaguzi la tatu, yaani Portland hii hii. Wyatt wa Republican, mwanasheria wa Astoria aliyewahi kufanya kazi FBI, alichaguliwa mwaka 1964. Wakaondoka wakipishana siku chache tu: Green tarehe 31 Desemba 1974, Wyatt mwanzoni mwa Januari 1975. Mnara mpya umesimama, wabunge wawili wanastaafu kwa mpigo, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule. Wakenya wana neno lao kwa mgawanyo wa namna hiyo, tangu ile serikali ya mwaka 2008: nusu mkate.

Wyatt simdharau. Mtu aliyechaguliwa mara kadhaa na watu wake ana haki ya kukumbukwa nao. Lakini mizani ni mizani. Ukimweka mbunge mwema wa kawaida upande mmoja, na upande wa pili ukamweka mwanamke ambaye ukiiondoa kazi yake lazima uandike upya nusu ya historia ya elimu ya Marekani, kisha ukawapa kibao kimoja kwa herufi za ukubwa uleule, hapo umewaheshimu wabunge wawili wanaostaafu, basi. Anayepita anasoma mke na mume. Mzee hakukosea kusoma. Kibao ndicho kilichoandikwa hivyo.

Edith Green alizaliwa Edith Starrett mwaka 1910 katika kijiji cha Trent, South Dakota, kwa wazazi walimu. Familia ikahamia Oregon akiwa mtoto. Mwaka 1930, Marekani ikiwa ndani ya mdororo mkubwa wa uchumi, akaanza kufundisha shule huko Salem, na shahada yake ya Chuo Kikuu cha Oregon hakuipata hadi 1939, akiwa ameshazoea chaki. Baadaye akafanya kazi za redio. Mwaka 1952 akagombea ukatibu wa jimbo la Oregon, akashindwa. Miaka miwili baadaye akagombea ubunge dhidi ya mtangazaji mashuhuri, kijana mrefu wa sauti nzito aitwaye Tom McCall, akamwangusha. Jina la McCall lishike, nitalirudia.

Bungeni hakungoja kuzoea viti. Mwaka uleule wa 1955 alipeleka muswada wa kutaka mwanamke alipwe sawa na mwanamume kwa kazi ileile. Wakati huo si ajabu tangazo la kazi kutaja mishahara miwili, wa kiume na wa kike. Ilichukua miaka minane. Kennedy aliitia saini sheria ya malipo sawa tarehe 10 Juni 1963, katika kipindi ambacho mwanamke wa Marekani alikuwa akipata senti 60 hivi kwa kila dola ya mwanamume. Mwaka huohuo ikapita sheria ya kujenga madarasa na maabara za vyuo, na 1965 ikafuata sheria kubwa ya elimu ya juu. Zote zina alama ya vidole vyake. Wenzake wakaanza kumwita mama wa elimu ya juu.

Lakini kazi iliyogusa watu wengi kuliko zote ni ile ambayo hata leo Mmarekani ukimuuliza ni ya nani atakutajia mtu mwingine.

Majira ya joto ya mwaka 1970, Green akiwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya elimu, aliitisha vikao vya kusikiliza ushahidi kuhusu ubaguzi wa wanawake mashuleni na vyuoni. Siku saba, Juni na Julai. Mashahidi wakaeleza mambo ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyewahi kuyaandika kwenye kumbukumbu za Bunge: vyuo vinavyomtaka msichana awe na alama za juu kuliko mvulana ndipo aingie, idara zisizoajiri mhadhiri mwanamke hata mmoja, wasichana wanaowekewa kikomo cha nafasi kwenye udaktari na sheria. Mwanamke aliyezunguka kukusanya takwimu na kupata mashahidi hao, Bernice Sandler, Green alimwajiri aje kuyapanga yote yawe vitabu. Vikatoka vitabu viwili vinene, kurasa zaidi ya elfu moja, ushahidi ambao hakuna mbunge angeweza kuupuuza na kusema hakuambiwa.

Kutokana na vikao hivyo ikazaliwa Title IX, yaani sehemu ya tisa ya marekebisho ya sheria za elimu ya mwaka 1972. Nixon aliitia saini tarehe 23 Juni. Kiini chake kwa Kiingereza ni maneno 37. Yanasema kwamba mtu yeyote aliye ndani ya Marekani asitengwe, asinyimwe faida, wala asibaguliwe kwa sababu ya jinsia yake katika elimu inayopata fedha za serikali ya shirikisho. Basi. Michezo haitajwi, na mpira hautajwi. Yalikuja kugundulika baadaye kwamba maneno hayo yakisomwa vizuri, shule yenye timu ya wavulana na isiyo na timu ya wasichana iko matatani. Mwaka wa masomo wa 1971–72 wasichana waliocheza kwenye timu za shule za sekondari Marekani nzima hawakufika 300,000. Miaka ya karibuni wamevuka milioni 3.

Yalipitaje? Hapa ndipo ninapompenda Green kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo, naamini, alipojipoteza mwenyewe. Vyama vya wanawake vilipotaka kuja Washington kupigia kelele kifungu hicho, aliwaambia wakae nyumbani. Aliwajua wenzake. Alijua kifungu kimejificha ndani ya muswada mkubwa wenye mabilioni ya dola za vyuo na ugomvi mkali wa mabasi ya kuchanganya wanafunzi weusi na weupe, na kwamba mbunge asiyekisoma hatakipinga. Wakipiga kelele, watakisoma. Wakakaa kimya, kikapita. Hakikupita chote: vyuo binafsi vilifanikiwa kuchomoa udahili wao wa shahada ya kwanza. Ila mfupa wote ulipita.

Ukimya ule ulikuwa silaha, na ulimgharimu. Sheria iliyopitishwa kimyakimya haina picha ya maandamano wala hotuba ya kukaririwa na watoto wa shule. Haikumwachia shujaa. Ilipokuja kuwa maarufu, ndugu wakajitokeza wengi. Birch Bayh, aliyeipigania upande wa Seneti, akaitwa baba yake. Sandler akaitwa mama yake wa ubatizo. Na mwaka 2002, alipofariki Patsy Mink wa Hawaii, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kuingia Bunge la Marekani, sheria ikabadilishwa jina rasmi, ikapewa lake.

Mink alistahili. Alikaa kamati moja na Green, alifanya kazi kwenye muswada, na Green alipokwisha kuondoka ndiye aliyesimama kuulinda dhidi ya waliotaka kuupunguza. Wala sisemi anyang'anywe. Ninachosema ni kwamba ukifuata karatasi, vikao viliitishwa na Green, muswada ulipita mezani kwa Green, mbinu ilikuwa ya Green. Basi hesabu yake ndiyo hii: sheria yake ina jina la mwanamke mwingine, na jengo lake ni la ubia na mwanamume. Hakuna kitu kikubwa Marekani hii ambacho ni cha Edith Green peke yake.

Mtu ataniuliza: mbona hakuna wa kumtetea? Wanaharakati wa wanawake hapa Marekani hawana aibu kudai. Sababu ni kwamba Green hakuwa mtu wa kumweka kwenye fulana.

Mwaka 1964, Bunge likijadili sheria ya haki za raia, mbunge wa Virginia aitwaye Howard Smith, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, alipendekeza neno "jinsia" liongezwe kwenye kifungu cha ajira. Wengi waliona ni mtego wa kuuzamisha muswada. Wabunge wanawake waliamua kuudaka mtego na kuugeuza neema. Green peke yake, kati yao wote, alisimama akapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba mateso ya mtu mweusi yanatangulia, na kwamba mwanamke mweusi anabaguliwa mara nyingi zaidi kuliko yeye Green. Hakutaka la kwake lihatarishe la kwao. Neno likaingia hata hivyo, na muswada haukuzama. Leo neno lile ni nguzo ya kesi za wanawake kazini. Alikosea hesabu, ila alikosea akiwa upande ambao wengi wetu tungependa kukosea.

Mei 1965, Rais Johnson alipoomba dola milioni 700 za ziada kwa vita vya Vietnam, Baraza la Wawakilishi lilimpa kwa kura 408 dhidi ya 7. Green alikuwa mmoja wa wale saba. Kwa hiyo mrengo wa kushoto ukampenda? Kidogo tu. Kadiri miaka ilivyosonga akawa mkali dhidi ya mabasi ya kuchanganya shule, akaichoka mipango ya Washington ya kupambana na umaskini, akawaona wanafunzi waandamanaji kuwa watoto waliodeka. Mwaka 1973 aliacha kamati ya elimu aliyoitumikia tangu aingie, akahamia ya matumizi ya fedha. Na mwaka 1976, keshastaafu, akamuunga mkono Gerald Ford wa Republican dhidi ya Jimmy Carter wa chama chake.

Democratic hawana hamu ya kumchongea sanamu, na Republican hawana sababu. Wanawake wa harakati humtaja kwa heshima na kupita haraka. Mtu wa namna hii ukimtafutia mahali pa kumweka, pa salama ni ukutani kwa jengo la serikali, ubavuni mwa mwanasiasa wa chama cha pili, mahali ambapo hakuna atakayeuliza. Isipokuwa mzee wa Uvira.

Ukitaka kuona vizuri zaidi, zunguka mitaa michache kwa miguu. Mbele ya jengo kuna uwanja mdogo wa Terry Schrunk, aliyekuwa meya. Mbele kidogo kuna mahakama ya shirikisho ya Mark Hatfield, seneta. Ndiyo ile iliyozungushiwa uzio na moshi wa machozi wakati wa maandamano ya mwaka 2020. Mitaa miwili kusini kuna chemchemi nzuri kuliko zote mjini, maji yanaporomoka juu ya mawe ya zege na watoto wanaoga humo kiangazi. Inaitwa Keller, kwa heshima ya Ira Keller, aliyekuwa mkuu wa tume ya maendeleo ya mji. Aliyeichora, katika ofisi ya Lawrence Halprin, ni mwanamke, Angela Danadjieva. Shuka sasa mtoni. Bustani ndefu ya kando ya mto Willamette, kule wanakokimbia watu asubuhi na kufanyia sherehe, ina jina la Tom McCall.

Ndiyo, yuleyule. Alishindwa na Green mwaka 1954, akaja kuwa gavana, gavana mzuri sana kwa kweli, aliyezilinda fukwe na mito ya Oregon. Aliyeshindwa amepata ukingo wote wa mto. Aliyeshinda ana nusu ya jengo.

Na mwanamke mkubwa kuliko wote katikati ya Portland? Yupo, mtaa wa pili, juu ya mlango wa Portland Building: Portlandia, sanamu ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, amepiga goti, mkono mmoja umeshika mkuki wa ncha tatu na mwingine ameunyoosha chini kwa wapita njia. Aliwekwa pale mwaka 1985, na kwa aina yake anayemzidi ukubwa Marekani nzima ni Sanamu ya Uhuru pekee. Huyo hajawahi kupiga kura, hajawahi kubadili msimamo, hana rekodi ya bungeni ya kumwaibisha mtu. Miji hupenda wanawake wa namna hiyo.

Kuna jambo jingine lililolifunika jina la Green, nalo ni jengo lenyewe. Kwa miaka zaidi ya 30 lilikuwa sanduku la zege na vioo vyepesi, linalokula umeme kama moto wa nyasi. Baada ya uchumi kuporomoka mwaka 2008, serikali ya Obama ilimwaga fedha za kuuamsha, na karibu dola milioni 140 zikaelekezwa hapa. Maseneta John McCain na Tom Coburn wakaliweka kwenye orodha yao ya miradi ya ufujaji. Ofisi ya wasanifu ya SERA, pamoja na Cutler Anderson, wakalivua nguo zote hadi mifupa ya chuma, wakalivika upya, likafunguliwa tena mwaka 2013.

Nguo hiyo ndiyo watu wanayoijua. Upande wa magharibi, jua la alasiri linakopiga, zimesimamishwa fito za alumini kuanzia chini hadi juu kabisa, mamia kwa mamia, kama ukingo wa mto wenye matete. Karibia uziguse, utaona hazikupangwa kwa mstari mmoja. Hapa zimebanana, pale zimeachana, na kivuli chake kinatembea ukutani kadiri jua linavyoshuka. Juu kabisa kuna paa la paneli za jua lililolazwa mshazari na kuzidi ukuta, kama mtu aliyevaa kofia upande. Chini ya ardhi, mahali palipokuwa uwanja wa kufanyia mazoezi ya shabaha, sasa ni tangi la maji ya mvua, lita zaidi ya 600,000, na maji hayo ndiyo yanayosukuma vyoo. Kutoka risasi kwenda mvua: kama kuna mwanamke angelifurahia badiliko hilo, ni yule aliyekuwa mmoja wa saba mwaka 1965. Lakini sijawahi kukuta maelezo ya fito yaliyosimama kumweleza yeye. Wanaokuja na kamera wanapiga picha ukuta.

Kwetu Afrika Mashariki tusicheke sana. Majengo marefu ya Nairobi na Dar es Salaam yana majina ya taasisi, ya kaulimbiu za marais, au ya marais wenyewe. Nyayo House iko pale, na jengo la Mkapa liko pale. Mwanamke akitafutwa, anatafutwa akiwa mke: Nairobi ina mtaa wa Mama Ngina na hospitali ya Mama Lucy. Grace Onyango, meya wa Kisumu kisha mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Kenya mwaka 1969, ana ukumbi wa jamii mjini kwake, naye kaanzia na "Mama". Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka Tanganyika kuwaingiza wanawake TANU na kisha akafungwa kwa uhaini na kusamehewa mwaka 1972, ana barabara, na ni barabara nzuri, inapita Maktaba Kuu ya Taifa. Naye, kama Green, ni mtu aliyegombana na wenzake, na mtu wa hivyo inachukua muda kumtafutia kibao.

Wangari Maathai naye ana barabara. Yeye ndiye pekee katika orodha hii mwenye uhusiano wa kweli na mnara, ingawa wa kinyume: mwaka 1989 alisimama kupinga mnara wa ghorofa 60 uliotakiwa kupandwa ndani ya Uhuru Park, wakamtukana bungeni na magazetini, na mnara ukafa. Pale panapokosekana lile jengo ndipo penye kumbukumbu yake, na hapo hakuna mbia.

Turudi Oregon, maana kuna uzi unaotoka kwenye jengo hili hadi Bonde la Ufa. Nimetaja kwamba Title IX inasema mtu yeyote aliye ndani ya Marekani. Haisemi raia. Sijui kama waliochagua maneno hayo walimfikiria msichana wa Kapsowar, lakini alikuja. Vyuo vilipolazimika kuwapa wasichana nafasi na udhamini wa michezo kama wavulana, makocha walianza kutafuta wakimbiaji wa kike popote walipo, na Wakenya waliokuwa wakisafirisha wavulana tangu zamani wakaanza kusafirisha mabinti. Sally Kipyego alitoka Marakwet kwenda South Plains College, kisha Texas Tech, akasomea uuguzi huku akizoa mataji tisa ya vyuo vikuu vya Marekani. Mwaka 2012 aliipa Kenya medali ya fedha ya mita 10,000 kule London. Akaja kuishi na kufanya mazoezi Eugene, Oregon, mji wa chuo kilekile alichohitimu mwalimu Edith Green, akachukua uraia mwaka 2017, na akaikimbilia Marekani marathoni ya Olimpiki ya Tokyo. Mchango wa Wyatt katika mbio hizo, pamoja na heshima zote, siuoni.

Baadhi ya watu hapa wangependa jina ligawanywe, jengo libaki la Green peke yake. Mimi siko huko. Kumfuta Wyatt sasa, wakati ameshafariki na hana kosa, itakuwa ukorofi, na itazua vita vya vyama ambavyo kibao kile kiliwekwa ili kuviepuka. Ningetaka kitu kidogo zaidi: maneno yale 37 yachongwe ukumbini, pale foleni ya ukaguzi inapoanzia, chini yake liandikwe jina moja na mwaka 1970, ule wa vikao, na si 1972 wa saini ya Nixon. Watu wanasimama pale dakika kumi wakishika mikanda mkononi. Watasoma, hawana la kufanya.

Siku ile shughuli ya mzee iliisha salama. Kumbe alidaiwa fomu moja tu. Tulipotoka jua lilikuwa limeshageukia magharibi na kivuli cha zile fito kimefika nusu ya ukuta. Akatoa simu ampigie mjukuu wake aje atuchukue na gari. Ikaita, ikaita.

"Hapokei," akasema. "Saa hizi yuko mbio, na wenzake wa shule."

Akapiga tena, safari hii kwa mwanawe wa kiume. Akamwambia tumemaliza, aje. Upande wa pili wakauliza yuko wapi. Mzee akakitazama kibao, midomo ikaanza kutafuta silabi ya kwanza, kisha akaachana nacho, akainua macho juu ya ukuta.

"Hapa kwenye nyumba ya matete," akasema.

Mwanawe akapajua.